Nyumba Isiyo na Moto wa Kuazima

Musaga, Bujumbura
Jumanne, mwezi wa saba

Kwako Yaya Esperance, dada yangu uliyenitangulia tumboni mwa mama,

Salamu nyingi zivuke ziwa zikufikie hapo Kigoma. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Pierre, na kwamba goti lako limepoa tangu uanze kulipaka yale mafuta. Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Chanelle amenipita kwa urefu, anakusalimu sana mama yake mkubwa. Baba yake, Ildephonse, naye ni mzima, tena mzima kupita kiasi, na ndiye atakayenimalizia karatasi hii.

Usishangae kuona nimekuandikia nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Katika nyumba hii karatasi mpya hainunuliwi mpaka ya zamani iandikwe pande zote mbili. Wala usiulize kwa nini sikupiga simu. Simu yangu siku hizi inakula moto wa jua, kwenye kibati kidogo alichokifunga Ildephonse juu ya paa, na wingu moja likipita inalala njaa. Kwa hiyo nampa barua Hamimu, yule mchuuzi anayevuka ziwa kuja kwenu, apande nayo boti, kama mama alivyokuwa akifanya zamani.

Najua unachokisubiri. Mara ya mwisho nilikuambia kwamba maji yamenifika shingoni, unitandikie kitanda, nakuja kwako na Chanelle, na Ildephonse abaki na mazingira yake. Ukanijibu kwa mdomo wa Hamimu kwamba kitanda kiko tayari katika chumba cha nyuma, umeweka na blanketi zito, na kwamba unataka neno moja tu: nakuja au siji. Neno hilo nitakupa. Ila kwanza niache niseme yote, maana hapa nikisema naambiwa napoteza nguvu bure.

Unamjua shemeji yako. Miaka yote ni mtu wa mizigo pale bandarini. Boti ikifika kutoka kwenu, yeye ndiye anayewahangaikia wafanyabiashara huko forodhani mpaka mali yao itoke. Mtu wa shati jeupe na kalamu mfukoni. Jikoni kwangu hakuwahi kujua chumvi inakaa wapi. Sasa baada ya Pasaka akaenda semina kwenye parokia yetu, semina ya kulinda mazingira na kubana matumizi ya nyumbani. Siku ya kwanza alirudi na kipande cha kuku amekifunga kwenye karatasi, akampa Chanelle, akasema huko wanalisha vizuri. Nikafurahi. Sikujua kwamba siku ya mwisho atanirudia mhubiri.

Alianza na ampuli, balbu za taa. Akazifungua zote, akaacha moja, na hiyo moja inahama. Tukila inafungwa salo, sebuleni, tukimaliza anaitoa kwa kitambaa maana ina moto, anaipeleka chumbani. Mgeni akichelewa kuaga, anaagia gizani. Kisha akageukia frigo, jokofu letu. Akaniambia frigo ni mdomo usiofungwa, akaichomoa, na leo hii ndani yake kuna viatu. Nikifungua frigo yangu mwenyewe, Yaya, nakutana na sandali za misa.

Maji nayo yana safari ndefu kuliko ya Hamimu. Ya kuoshea mchele yanaosha vyombo, ya vyombo yanakwenda kwenye mboga za lengalenga alizozipanda ndani ya magunia kando ya ukuta, ya kuogea yanasubiri kwenye beseni mpaka choo kiyahitaji. Ole wako uyamwage. Siku moja nilimwaga maji ya kufulia barabarani, kama kila mama wa Musaga anavyofanya kutuliza vumbi, akaniangalia kama niliyemwaga divai ya altareni.

Halafu yakaja makala, makaa ya kupikia, ya maganda. Anakusanya maganda ya ndizi na ya viazi, anachanganya na unga wa makala na udongo, anafinyanga mabonge meusi, anayaanika juu ya paa. Ilikuwa bado wakati wa mvua. Mvua ikapiga bila kutarajiwa, yakayeyuka, yakashuka meusi tii juu ya mashuka yangu yaliyokuwa kwenye kamba. Nilimfokea siku hiyo mpaka sauti ikakauka. Yeye akasema tu kwamba wakati ujao ataongeza udongo. Ongeza udongo! Mtu analia mashuka, yeye anatengeneza dawa ya bonge.

Na pasi, Yaya. Shati halipigwi pasi tena. Suruali inakunjwa na kulazwa chini ya godoro, asubuhi anaivaa na mstari umepinda kama njia ya kupanda Bugarama. Nilimuuliza ni kazi gani hiyo ya forodhani isiyotaka shati la pasi siku hizi. Akanijibu kwamba umeme wa pasi moja ungechemsha chai ya jumuiya nzima. Basi nalo halipandi. Mafuta ya gari ni ya shida, mistari ya kuyasubiri ni mirefu, anasema, kutembea ni afya na hakuchafui hewa. Kila asubuhi anashuka kwa miguu mpaka bandarini, anarudi kwa miguu, na viatu vyake vimeliwa upande mmoja mpaka anatembea kama bata.

Lakini kilichonifanya nikuombe kitanda ni kitunga, kikapu cha kawaida. Walimfundisha kwamba maharage hayahitaji kukaa motoni tangu asubuhi mpaka jioni. Unayachemsha kidogo tu, yanapotokota unaifunika sufuria, unaizika ndani ya kitunga kikubwa kilichojazwa majani makavu ya mgomba na nguo nzito, unafunga, unakwenda zako shambani au kanisani. Yanaiva yenyewe kwa joto lake. Vizuri. Akanunua kitunga sokoni, akajaza majani. Na nguo alitoa wapi? Alichukua kile kitenge cha ndege wekundu ulichonitumia Noeli, ambacho nilikuwa sijakikata, nakitunzia harusi ya mtoto wa binamu yetu Népomuscène. Akakishona mto, akaujaza pamba za godoro kuukuu. Nilipomuuliza kama ana akili timamu, akasema kitenge kizito ndicho kinachoshika joto.

Nisikudanganye, maharage yanaiva. Hapo ndipo hasira yangu ilipozidi, maana yangegoma ningekuwa na la kusema. Yanaiva laini, hayaungui, na gunia la makala ambalo lingeisha haraka limekaa kwenye kona linatutazama. Yeye kila akifungua kitunga na mvuke ukampiga usoni anageuka kuniangalia, hasemi kitu. Huko kutosema ndiko kulikoniuma kuliko maneno.

Sasa sikiliza kilichotokea baada ya mimi kukutumia ujumbe ule. Unakumbuka desturi ya hapa kwetu. Jioni kila mama anaiweka mbabula yake, jiko la makala, mbele ya mlango ishike upepo, na aliyechelewa anakuja na kipande cha bati kuomba makaa ya moto kwa jirani. Hakuna anayenyimwa. Mama Léoncie, tuliyepakana naye ukuta, mkuu wa jumuiya yetu ya kanisa, amekuwa akiomba moto kwangu tangu tuhamie. Basi akaja jioni moja, nikamwambia sina. Akaja tena, sina. Mara ya tatu hakuja mwenyewe, alipita tu njiani akichungulia mbabula yangu, ambayo ilikuwa imejaa majivu baridi na kuku amelala ndani. Akanisalimu kwa sauti ya chini, ile sauti ya hospitalini.

Jumapili baada ya misa nasikia nyimbo mlangoni. Natoka, naikuta jumuiya yote uani. Wanaume mbele, Salvator mume wa Léoncie, kiongozi wa wabeba mizigo bandarini, amejitwika gunia la makala begani. Nyuma akina mama na mchele, maharage, chumvi, sabuni, wamefunika kwa vitambaa vyeupe kama tunavyofanya tukienda kwa mgonjwa. Majirani wote wametoka kutazama. Yaya, nilitamani ardhi ifunguke. Mimi Dorothée, binti wa baba yetu, naletewa sadaka ya chumvi mbele ya Musaga nzima, kwa sababu ya kitunga.

Nikasema. Unajua nikianza sinyamazi. Niliwaambia kwamba kwetu hakuna njaa, hakuna mgonjwa, wamekosea nyumba. Nikawaambia mume wangu ana kazi yake bandarini na kila mtu anaijua. Ikiwa mbabula haiwaki ni kwa sababu sisi tunapika kwa akili, na wao wanachoma misitu ya nchi ndani ya masufuria yao. Nikakileta kitunga mbele yao, nikakifungua, nikafunua mto wa kitenge, mvuke ukatoka, nikawaonjesha maharage mmoja mmoja. Nikawaeleza habari ya ampuli, ya maji ya mchele, mpaka ya kutembea kwa miguu. Maneno yake yote niliyokuwa nayachukia yalitoka kinywani mwangu, tena kwa ukali kuliko anavyoyasema yeye. Ildephonse alikuwa amesimama mlangoni na beseni mkononi. Nilidhani ataona fahari, lakini aliangalia chini.

Nikaona Léoncie hanitazami mimi, anamtazama yeye. Kisha akaweka mchele wake chini, akacheka kidogo, akasema, Mama Chanelle, pole, hatukuja na sadaka. Alisema wamesikia habari ya kitunga na wamekuja kujifunza, na hivi vitu ni vya mwalimu, maana mwalimu halali njaa. Akakaa kwenye mkeka. Wengine wakatazamana, nao wakakaa. Nikawafundisha mpaka saa ya chakula, na kichwa changu kilikuwa juu.

Wakaondoka. Salvator alikuwa wa mwisho. Alimshika Ildephonse mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia kwa Kirundi, taratibu, ihangane. Neno hilo unalijua, Yaya, tulilisikia sote siku tulipomzika mama. Vumilia. Anaambiwa aliyefiwa, anaambiwa mwenye mgonjwa. Hakuna anayemwambia mtu ihangane kwa sababu amebana makala.

Nikaosha vikombe, naye akawa anavipangusa, na nikamuuliza ni nani aliyekufa. Akapangusa kikombe kimoja mpaka nikamnyang'anya. Ndipo akaniambia kwamba boti zimepungua, mizigo imepungua, na ile ofisi aliyokuwa akiifanyia kazi ilifunga milango kabla ya Pasaka. Kila asubuhi alikuwa anashuka kweli mpaka bandarini, kusimama getini pamoja na vijana, na kama siku hiyo Salvator ana nafasi, anabeba. Mume wangu, Yaya, mtu wa kalamu, anabeba saruji, kisha anakung'uta nguo kando ya ziwa kabla ya kurudi. Na semina alikwenda kwa sababu ilikuwa na chakula cha mchana. Huko ndiko alikosikia kwamba mtu anaweza kubana kila kitu ndani ya nyumba, na watu wakamwita mwerevu badala ya maskini.

Wanasema siri ya mtungi aijuaye kata. Kata ndiyo mimi, na sikujua kitu. Jumuiya nzima ilijua, Salvator alijua, na mimi nilisimama mbele yao nikasema mume wangu ana kazi bandarini na kila mtu anaijua. Ndiyo maana Léoncie alikaa kwenye mkeka.

Usidhani nililia. Nilikasirika kuliko siku ya mashuka. Nilimwambia kwamba yeye ni mjinga, kwamba aliniacha nigombane na ampuli kumbe adui ni mwingine, kwamba ningekuwa nimeuza frigo zamani badala ya kuilaza na viatu. Akasema aliogopa nitamwona mdogo. Nikamwambia nimekuona unatoa ampuli kwa kitambaa kama mwizi wa mayai, ningekuona mdogo kupita hapo wapi? Akacheka. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka, na ndipo nilipolia.

Frigo nimeiuza jana. Akina mama wamerudi kweli, si kwa huruma tena, maana makala imepanda na kila mmoja anataka kitunga chake. Mimi nashona mito, Ildephonse anakaa uani anawaeleza habari ya joto mpaka wanasinzia. Hanyamazi, Yaya. Amepata watu wa kumsikiliza na mimi ndiye nitakayeteseka. Asubuhi anashuka bado kwenda kubeba, ila sasa namfungia maharage ya kitunga kwenye blanketi la Chanelle, ayakute ya moto saa sita, na akiniaga anaitaja kwa jina lake kazi anayokwenda kuifanya.

Kwa hiyo neno langu ni hili: siji. Kitanda kitandue. Lakini lile blanketi zito uliloniwekea, usilirudishe kabatini. Mpe Hamimu aje nalo, nina vitunga vinavyosubiri, na kitenge cha ndege kimekwisha.

Msalimie shemeji Pierre, waambie na majirani zako wa pale juu kwamba mdogo wako anawakumbuka. Lipake goti mafuta, na usiku huu ukizima taa, izime kwa moyo mweupe kuliko wangu. Chanelle anakubusu. Ildephonse anauliza kama Kigoma mnamwaga maji ya mchele, usimjibu.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Dorothée, mama Chanelle