Bampa Isiyokunjika

Mdogo wangu mpenzi,

Naandika nikiwa kitandani, nivumilie mwandiko. Barua yako nimeipata. Kumbe mwanao anataka kuifufua ile pikapu yetu kuukuu, nawe unauliza aifunge bampa gani nzito.

Mwambie achague yenye vishikio vinavyokunjika. Ile yetu ya chuma, fundi alinionya: "Kaka, nikiichomelea moja kwa moja kwenye chasisi, siku mkigonga haitakunjika. Kishindo chote kitawafuata ndani."

Nikamcheka. "Wewe chomelea tu. Inayokunjika ni bampa au kopo la maziwa?"

Ulipogonga ule ukuta, bampa haikupata hata mkwaruzo. Shemeji alifia kitini.

Miaka ishirini na sita unajilaumu kwamba ulichelewa kukanyaga breki, nami nakushika bega na kukuambia Mungu ameshakusamehe. Maneno ya fundi sikukuambia hata siku moja. Mwendo wako ulikuwa mdogo. Pengine shemeji angetoka na michubuko tu.

Daktari hanihesabii tena miezi. Mwanao akiuliza mama yake alikufaje, msomee barua hii.

Ni mimi kaka yako, niliyeichagua bampa ile.