Sindano ya Rafiki Yako

Nyumba ya uani, nyuma ya kiwanda cha sabuni
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Wifi hajambo? Watoto je? Kifua chako kimetulia? Sisi tunapumua, ila hasira imenikaa kooni na leo naitapika.

Ulinipigia ukasema nisimchafulie jina rafiki yako muuza dawa, kwa kuwa mlikaa dawati moja, na eti mtoto keshaanza kupona. Kaka, wewe hukuwepo. Nilimpeleka Chiriku wangu ana homa tu, akaingia dukani kwa miguu yake. Yule bwana akamdunga sindano ya takoni huku anaongea na simu. Mtoto akapiga yowe, akasema moto unamshuka hadi kidoleni. Nilitoka nimembeba, unyayo unaning'inia kama tambara bichi.

Kesho yake nilimrudia. "Mwanao anadeka tu," akanijibu, akacheka mbele ya wateja.

Aliyenifungua macho ni daktari wa hospitali kubwa. Sindano iliingia kwenye mshipa wa fahamu. "Haukukatika, mama, umeumia vibaya," akasema. "Utaota upya, kutoka juu kwenda chini, kwa mwendo wa kinyonga. Usipomnyoosha kifundo kila siku, utafika ukute mguu umeshakakamaa."

Basi nikamnyoosha, analia, nami nalia nimegeuza uso. Shuleni wakamwita Kigogo kwa ajili ya kiatu kigumu alichopewa hospitalini cha kushikilia unyayo. Miezi ikapita, mguu kimya. Halafu ukaanza kumchoma kama umevamiwa na siafu. Mimi nikaingiwa na hofu, daktari akafurahi, akasema mshipa unaamka. Wiki iliyopita kidole gumba kikainuka. Kidogo tu, Kaka. Nilikaa chini sakafuni, nikamwambia akiinue tena.

Rafiki yako alipopata habari, akanisimamisha njiani: "Si umeona? Nilikwambia si kitu."

Si kitu! Na bado anadunga watoto wa watu, wala hakusomea. Mshipa umejiotea wenyewe. Yeye hata pole hajatamka.

Nimeshamshtaki kwa maofisa wa afya, na Alhamisi natoa ushahidi. Usinipigie kuniomba niache. Ukipiga, anza kwa kuuliza hali ya mguu, maana tangu mtoto aumie hujauliza hata mara moja.

Nisalimie wifi, mama mkwe wako na wale pacha watundu. Mungu awalinde, viungo vyote.

Mdogo wako akupendaye, ingawa leo nimeuma meno,
Mama Chiriku