Baba, Mama Amekaa Mbele

Baba yangu mpenzi,

Amahoro. Huku Rumonge tuko wazima, na mimi mwanao bado ndiye kijana mzuri kuliko wote, kuanzia sokoni mpaka bandarini. Usicheke. Hata wasichana wanaoanika visamaki vya ndagala wanajua, ni vile tu hawapendi kusema.

Unakumbuka baiskeli yako ilivyokuwa na klasi mbili, ya kwanza na ya pili? Wenzako wote waliobeba abiria walikuwa na kiti kimoja tu, cha nyuma. Wewe ulifunga taulo kwenye lile bomba la mbele, kati ya kiti chako na usukani, ukaniambia: "Hapa ni premyeri. Kule nyuma ni dezyemu." Mama alikaa dezyemu, miguu upande mmoja, kitenge amekibana magotini. Mimi nilikaa premyeri, kidevu chako juu ya kichwa changu, jasho lako likinidondokea shingoni, na ziwa lote likiwa langu. Tulikuwa tukienda Kigwena kwa bibi, na mimi nilipiga kengele hata pale ambapo hakuna mtu.

"We mutoto," Mama aliita kutoka nyuma, "unamupigia nani kengele?"

Wewe ukamjibu: "Acha mukubwa apite."

Halafu nikarefuka, magoti yakaanza kugonga usukani, ukanishusha cheo, nyuma kwa Mama. Nililia mpaka Kigwena. Hilo nimekusamehe. Lakini ngoja nikutanie kidogo, Baba: katika safari zote zile hukuwahi kumuuliza Mama kama na yeye angependa kukaa mbele. Wala mimi sikumuuliza. Yeye nyuma palikuwa pake, kama vile mfuniko unavyokuwa wa sufuria.

Sasa sikia yaliyonipata. Minago kuna msichana anaitwa Aline. Shule niliiachia njiani, wewe unajua, lakini kwa kuchagua msichana niko na diploma. Baba yake anakamua mawese, ni mzee wa maneno machache, na moja kati ya hayo machache lilinifikia: "Huyo kijana asiye na baba, aje na watu wake, tuwaone." Asiye na baba. Baba, mimi ninayechekesha bandari nzima, siku hiyo sikuchekesha mtu. Niliona kabisa kwamba Aline nitamkosa, na nitamkosa kwa kitu ambacho siwezi kukinunua wala kukikopa.

Wa kunisemea alikuwa Baba mudogo Salvatori, mdogo wako. Hajabadilika: tumbo lake, koti lake, na ile sauti ya kuhutubia watu mia hata kama mko wawili. Akasema tutaenda na gari, na yeye atakaa mbele peke yake. Unajua magari ya abiria ya hapa kwetu: mbele kwa shoferi wanabanana watu wawili. Ukimwona mtu amekaa pale peke yake, basi amelipiwa nafasi zote mbili, na kando ya njia kila mtu anasema, huyo ni patron. Tena anayeshuka mbele ndiye mkubwa wa safari, ndiye anayepokewa kwanza.

"Mimi ndiye nitasema," akaniambia. "Musemaji hashuki nyuma na vifurushi."

Nitakuficha nini? Mimi pia nilikuwa naitaka ile nafasi. Nilishajiona, mkono dirishani, miwani ya jua, shati jipya halina kunjo hata moja, Aline anachungulia nyuma ya pazia. Wiki nzima niliwaza: yeye peke yake, mimi peke yangu, au tubanane wawili kama mandazi kwenye mfuko? Vijana wa bandarini walinipa ushauri mpaka wakagombana. Katika hesabu zote hizo, Mama hakuwemo.

Asubuhi ya safari tukafika parikingi ya magari. Nikalipia mbele kote, shoferi akafungua mlango, Baba mudogo akaushika. Nikageuka kumtafuta Mama. Alikuwa ameshainama kuingia nyuma, kitenge amekikusanya mkononi, anamwomba mama mwenye beseni asogee kidogo "ili mutoto wangu apate nafasi." Sijui ni kitu gani kilinishika, Baba.

"Mama, toka. Nafasi yako iko mbele."

"Mbele kufanya nini?"

"Kukaa."

Baba mudogo akatoa macho. "Wee kijana, iko na akili kweli? Mwanamuke ashuke mbele, mimi nitoke nyuma? Watajua mukubwa ni nani?"

"Watajua."

"Basi sawa. Mimi nafika kama muzigo, na muzigo hausemi. Utajisemea."

"Wazee," shoferi akasema, "gari ikijaa mimi naenda, mutagombania njiani."

Bila msemaji unaingiaje kwa watu? Nilitaka kulirudisha neno langu. Mama alikuwa amesimama, mguu mmoja ndani, mmoja nje, ananitazama, anamtazama shemeji yake. Nilijua atasema hapana, ndiyo tabia yake. Akashusha ule mguu wa ndani, akatembea mpaka mbele taratibu, akasema:

"Salvatori, nipishe hapo mulangoni."

Mwanzo alikaa kwenye ukingo wa kiti, kama amekiazima. Shoferi akamfunga mkanda, akamwambia, "Mama, leo uko minisitiri." Baadaye kidogo akaegemea. Baadaye tena nikaona kiwiko chake kiko dirishani! Anapungia watu mkono, anamwomba shoferi apunguze mwendo ili mwenzake wa kanisani amwone vizuri. Mimi nyuma nilikuwa na tumbo la Baba mudogo mbavuni na hasira yake sikioni. Shati lilikunjamana lote. Sikujali sana. Nilijali kidogo.

Minago, baba yake Aline alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake, kando ya njia, na koti lake la kanisani. Alikuja moja kwa moja kwenye mlango wa mbele, mkono ameshaunyoosha kumpokea mkubwa wetu. Mlango ukafunguka, akatoka Mama. Mkono wa mzee ukabaki hewani. Lakini mkono ulioutoa huwezi kuurudisha mfukoni mbele za watu, akamsalimia kwa mikono yote miwili, akamkalisha kwenye kile kiti kikubwa cha mgeni. Baba mudogo na mimi tulipewa benchi, karibu na kuku.

Halafu likaja swali. "Baba wa huyu kijana alikuwa nani?"

Baba mudogo alikuwa ametayarisha jibu, kwamba ulikuwa mfanyabiashara mkubwa wa kwenda Kigoma. Akakohoa, akatazama kuku. Alikuwa bado amenuna. Na mimi, huu mdomo wangu usiofungwa na mtu, ulifungika.

Mama akasema: "Alikuwa anabeba watu na baiskeli, Rumonge mpaka Kigwena. Mvua ikimukuta njiani, koti anamupa abiria. Huyu ndiye mutoto wake. Maneno iko nayo mengi, lakini ukimutuma anaenda." Akamgeukia mzee. "Musimuite asiye na baba. Baba alikuwa naye. Baba amekufa, hakumukimbia."

Mzee akapaza sauti kuelekea ndani: "Leteni vinywaji."

Jibu hatukupata. Unajua watu wetu, siku ya kwanza hawakupi neno. Alisema tu, "Mutarudi. Na huyu mama arudi." Aline alipopita na chupa alinikanyaga mguu makusudi, na kwangu hiyo ni barua nzima.

Kurudi, Mama alikataa mbele. "Kule nimeshapaona." Mama yake Aline alikuwa amemzawadia mawese ya kujaa bidoni nzima, basi bidoni ndiyo iliyopanda premyeri, imefungwa mkanda. Mama akajibana katikati yetu. Baba mudogo, bia zilikuwa zimemlainisha, akaanza kueleza gari zima kwamba alimwachia shemeji yake aseme kwa mpango maalumu. Hakuna aliyembishia.

Baba, tangu uondoke sikulitaja jina lako nyumbani. Nilidhani litamuumiza Mama. Kumbe alikuwa anangoja mtu amuulize. Tangu siku ile akikaa kuchambua mchele anaanza mwenyewe kukusimulia, mpaka mchele unasahaulika. Jana ameniambia jinsi ulivyompata: ulimbeba kutoka sokoni, ukajifanya umepotea njia, ukamzungusha mpaka jua likazama. Rumonge, Baba! Mtu anapoteaje Rumonge? Na mimi miaka yote nilidhani huu ujanja niliuvumbua mwenyewe.

Pumzika vizuri. Mama anacheka huko jikoni, peke yake.

Ni mimi, kifungua mimba wako, uliyemwachia mdomo wako.