Tisini na Moja Ukutani

Nakivale, Rubondo
Alhamisi

Kwa yaya Sebagabo, kaka yangu mkubwa, huko Biharwe,

Amani ya Bwana ikufikie hapo ulipo, pamoja na wote unaoamka nao kukamua. Afya yako inaendeleaje? Lile goti lililokuwa likikusumbua kwenye baridi ya asubuhi limepoa? Na tajiri wako bado anakupa maziwa ya kunywa, au ameanza ubahili? Sisi huku tunapumua. Mvua imechelewa kidogo, mahindi yamefika magotini. Mama watoto aliugua malaria, lakini sasa anapika na kugombana kama kawaida, hasa kugombana na mimi. Sababu utaiona mbele.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Jumapili ulipopiga niliona ni wewe, nikamwachia binti yako Cyiza apokee, nikatoka nje nikajifanya natafuta kuku. Yaya, kuku wote walikuwa ndani. Najua nikisikia sauti yako nitazungumzia mvua mpaka salio lako liishe. Kwa hiyo nimeandika, na barua nitampa Buruhan, yule wa Mbarara anayeuza mitumba kwenye soko letu. Alisema yeye anamujua sana ule muzee wa ng'ombe, anampitia kila Ijumaa.

Unakumbuka ile nafasi moja ya kusoma bure, ambayo shule ya bweni ya Kakiika ilitoa kwa mtoto wa kambi yetu. Mwalimu mkuu alinipa mimi kazi ya kutunga mtihani wa hesabu, kusahihisha, na kupeleka jina. Walifanya watoto kumi na wanne, lakini tangu mwanzo mbio zilikuwa za wawili: Cyiza wako na Nyirakamana wangu. Ulipomleta Cyiza kwangu ulisema humwachi kwa mwalimu, unamwacha kwa mdogo wako. Maneno hayo sijayasahau, ndiyo maana usingizi umenikimbia.

Sasa nikueleze kidogo hesabu yenyewe. Kuna namba zinazogawanyika na kuna zisizogawanyika. Kumi na mbili unaipanga safu tatu za nne nne, hakuna kinachobaki. Kumi na tatu inakukatalia. Ni moja na yenyewe tu. Hiyo ndiyo tunaita namba tasa. Mwaka juzi nilizichora zote, kuanzia mbili hadi mia, kwenye ukuta wa darasa kwa rangi ya bluu. Wageni wakija mwalimu mkuu huwaonyesha ukuta ule, nami husimama karibu nikikohoa kidogo ili wajue ni kazi yangu.

Kuzitambua nina kanuni zangu. Namba ikiishia na shufwa, inagawanyika kwa mbili. Ikiishia na sifuri au tano, kwa tano. Ukijumlisha tarakimu zake ukapata jumla inayogawanyika kwa tatu, basi nayo inagawanyika kwa tatu. Kanuni ya kugawanya kwa saba ni ngumu, inachosha, nami niliiruka. Nilijiambia jedwali la kuzidisha litanikamatia zilizobaki. Lakini jedwali letu linaishia kumi na mbili.

Kwenye mtihani niliuliza namba tasa zilizo kati ya themanini na mia. Nyirakamana aliandika kama ukuta ulivyosema: themanini na tatu, themanini na tisa, tisini na moja, tisini na saba. Cyiza aliandika tatu tu, akaacha tisini na moja. Nikampigia alama nyekundu ya kosa. Swali lilikuwa na alama mbili. Nyirakamana akapata arobaini na saba, Cyiza arobaini na sita.

Niliporudisha karatasi Cyiza alisimama mbele ya darasa zima, kwa adabu, akaomba kusema. Akasema tisini na moja inagawanyika kwa saba, baba yake amemwambia. Alieleza kwamba huko Biharwe unawapitisha ng'ombe kwenye njia ya mbao kupigwa dawa ya kupe, saba saba, na kila zamu unatia jiwe mfukoni, kwa sababu marehemu baba yetu hakukubali ng'ombe wahesabiwe kwa kidole. Mwisho unakuta mawe kumi na tatu na hakuna ng'ombe aliyebaki peke yake. Na ng'ombe wa tajiri ni tisini na moja.

Yaya, hapo ningechukua chaki nikazidisha tu. Nusu dakika. Badala yake nilicheka. Nikamwambia hapa tunasoma namba, hatuchungi, na kwamba baba yake ni mtu wa ng'ombe, si mtu wa hesabu. Darasa likacheka pamoja nami. Cyiza akakaa. Nilisema hivyo mimi, niliyesoma kwa sababu wewe uliacha shule darasa la tatu ukaenda kuchunga ili karo yangu ipatikane. Naandika haya uso unaniwaka.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa harusi ya binti wa mzee Rutayisire, na kanisa likanipa kazi ya viti. Mwenye viti alinihesabia tisini na moja nikatia sahihi. Nikaanza kupanga: kumi na tatu upande huu hadi ule, kisha safu ya pili, ya tatu. Safu ya saba ilipojaa nikageuka kuchukua kiti kingine. Hakikuwepo. Nikahesabu tena, nikahesabu mara ya tatu, mpaka mama mmoja wa kwaya akaniuliza kama kuna fasi tumepungukiwa viti. Nikamwambia hapana, vimetosha. Nikakaa kwenye kile cha mwisho.

Hadi hapa, kaka, ungeweza kusema mdogo wako alikosea, na kukosea ni kwa kila mtu. Lakini nisikie vizuri, hili ndilo lililonifanya nitafute kuku. Siku ile ya viti, jina lilikuwa bado mezani kwangu. Lilikwenda Kakiika Jumatatu. Nilikuwa na Jumapili nzima ya kulibadilisha. Nilijua Cyiza ana arobaini na nane na binti yangu arobaini na tano. Nikaimba kanisani, nikala, na Jumatatu nikapeleka jina la Nyirakamana. Sikukosea. Niliiba, na niliyemwibia ni mtoto wako.

Wewe, Cyiza alikuambia kwenye simu kwamba alishindwa kwa kutokuwa makini. Hakuwa ameshindwa. Alinifunika mimi, aibu yangu isikufikie.

Nilitaka kukutumia karatasi yake uamue wewe la kufanya, kisha nikaona huo nao ni uoga. Jumanne nilikwenda Kakiika na karatasi zote mbili, nikamweleza mkuu wa shule kila kitu, hata ile Jumapili. Akasema majina yanaweza kubadilishwa hadi mwisho wa juma hili. Nyirakamana, aliyekuwa ameshaanza bweni, nimerudi naye, godoro kichwani. Njiani aliniuliza kama yeye naye ni mwizi. Nilimwambia hapana, mwizi ni mimi. Tangu hapo haongei nami, na mama yake anaongea kwa kugombana tu.

Cyiza anaripoti Jumatatu. Nilimwomba msamaha mbele ya darasa lilelile, nikamwomba aje aifute tisini na moja kwa mkono wake. Akakataa. Alisema aliyeihesabu ni baba, basi ni baba atakayeifuta. Kwa hiyo ipo bado ukutani, nami nafundisha chini yake, na watoto wanaitazama, kisha wananitazama.

Njoo Jumapili umchukue binti yako. Darasa nitalifungua, na watoto wamesema watakuja. Kopo la rangi nyeupe na brashi nimekuwekea juu ya meza yangu.

Msalimie tajiri wako na wote wa hapo zizini. Cyiza anakusalimu kwa furaha. Mama watoto naye anakusalimu wewe tu.

Mimi mdogo wako, nisiyestahili kuitwa mwalimu wiki hii,

Yonatani