Mama Hajakukasirikia

Kaka Bahati, Mama anasikia! Kila neno unalosema ku mulango wake anasikia, na hajakukasirikia hata kidogo! Nimeanza na hii kwa sababu ilikuwa inipasue kifua. Sasa niamkie kama mutu mwenye adabu: jambo, Kaka. Mugongo wako je? Na maragi, hiyo maharagwe yenu ya huko Kingi, imekauka? Sisi huku Hombo tuko wazima, mvua tu njo inatutesa. Bwana yangu iko njiani na mafuta yake ya mawese, anakusalimia.

Habari imeletwa na Sifa, binti yangu. Ndiyo, huyu wa iniversite ya Kinshasa. Alishuka ku kamio ya mizigo na miwani ku macho, soko nzima ikasimama. Mimi nikabeba valizi yake ya nguo kwa njia ile ndefu, inayopita mbele ya maduka yote. Unanijua.

Muuza samaki mumoja akamuuliza, "Mutoto, unasoma nini kule?"

"Ninasoma luga ya watu, mama."

"Luga? Kumbe mama yako hakukufundisha kusema?"

Wakacheka. Nikawajibu, "Nilimufundisha vizuri, njo maana yeye iko Kinshasa na nyinyi muko hapa!"

Lakini kwa nyumba nikamuuliza mwenyewe, polepole. Akaniambia luga moja inafundishwa na walimu wa namna nyingi. Munganga anaeleza ulimi, koo na ubongo. Mwengine anaeleza namna mutoto muchanga anaanza kusema. Mwengine tena, namna watu wanasalimiana, nani anaanza, nani ananyamaza mbele ya mukwe wake. Mimi masista walinifundisha kidogo tu, lakini hiyo nilielewa.

Njo nikamweleza juu ya tate yake, mama yetu. Namna alianguka shambani, mukono wa kuume ukalegea, maneno ikaisha. Na wewe ukasema, "Amefunga kinywa juu yangu," sababu uligawa shamba la ku muto bila kumuuliza. Kisha maragi mupya ikaiva. Yeye njo muzee, anaonja wa kwanza na kubariki, ndipo wengine wale. Akaangalia sahani, hakusema kitu. Ukatoka na sahani yako, na toka siku ile unaishia ku mulango.

Sifa akauliza tu, "Mama, Tate anaimba?"

Kaka, nikashituka. Noeli ile nilipokuja, nilikuwa ninapukuta maragi karibu naye, nikiimba ule wimbo wetu wa kulima. Mama akaumalizia, maneno yote! Bibi yako, mama wa watoto wako, akakimbia, akasema ni pepo. Na mimi nikawaza mubaya kuliko yeye: kumbe kuimba anaweza, kumubariki mutoto wake anakataa.

"Hapana," Sifa akasema. "Kusema na kuimba haipiti njia moja mu kichwa. Ugonjwa umeharibu ile ya kusema. Tate anatafuta neno, halioni. Hamunyimi mutu."

Nililia pale ku mafiga. Nilikuwaza wewe, na mvi zako, unasimama ku mulango wa mama yako kama mugeni.

Sifa hakusema atapona. Amesema tukae karibu naye, tuseme kidogo, tungoje. Tusimupigie kelele, si kiziwi. Basi ninakuomba, Kaka: maragi mupya, mutu asionje kabla hatujafika. Tutaweka sahani mbele ya Mama, hakuna atakayemuomba neno. Wewe utaanzisha wimbo wa kulima, sauti yako njo anayoijua zaidi. Pale Mama atakapoingia mu wimbo, hiyo njo baraka, tutakula.

Salimia bibi yako, umwambie pepo haijui wimbo wetu. Salimia shangazi, na muzee katekista, umwambie pia Sifa anasoma wapi, kama amesahau.

Ni mimi dada yako, Mama Sifa. Kamio itatuacha Sake, tutapanda mpaka Kingi kwa miguu. Wote mu nyumba ya Mama, na wewe uingie wa kwanza, siku ya Mungu, baada ya misa.