Tisini na Tano Yako, Mwende

Mpendwa Mwende, mwanafunzi wangu,

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu kosa nililokufanyia nilikufanyia mbele ya watu, wenzako hamsini na kitu wa darasa la saba pale Kayole. Ningependa kukuambia ana kwa ana, ila sijui siku hizi unaishi wapi. Nimeuliza Njiru, nimeuliza kwa shangazi yako Shauri Moyo, na kila mtu ananielekeza kwa mwingine.

Nina hakika unanikumbuka. Mimi ndiye yule mwalimu wa sayansi wa tai ya kahawia, mwepesi wa hasira. Ilikuwa miaka ya tisini, nawe ulikuwa unaketi dawati la mbele, karibu na dirisha lisilo na kioo. Ulikuwa na maswali mengi mpaka nikiona umeinua mkono najifanya natafuta chaki.

Muhula ule nilikutana na mwalimu mwenzangu kutoka Addis Ababa, alipokuja Nairobi kwa mafunzo. Tukakubaliana madarasa yetu yafanye jaribio moja, kisha tuandikiane matokeo. Niliwaambia kwamba sayansi haina pasipoti, na nikajipenda sana kwa maneno hayo. Jaribio lenyewe lilikuwa jepesi: chemsha maji, weka kipimajoto, andika unachokiona.

Wafula alileta stovu ya mafuta taa ya kwao, wewe ukaleta sufuria ya mama yako, nami nikatoa kipimajoto chetu cha pekee, kilichokaa mwaka mzima kwenye droo kikiwa kimefungwa gazeti. Nilikuchagua wewe usome kwa sababu macho yako yalikuwa makali na hukuwa na haraka. Maji yakatokota. Ukainama, ukatazama, ukatazama tena.

"Mwalimu, imekwama tisini na tano."

"Subiri."

Mvuke ulikupiga usoni lakini hukusogea.

"Bado tisini na tano, Mwalimu. Haipandi."

"Kitabu kinasema ngapi?"

"Mia moja. Lakini hii inasema tisini na tano."

Darasa likaangua kicheko. Wafula akapaza sauti, "Wee Mwende, usituchomee! Hao Waethiopia watatuona mafala!" Nami, badala ya kumnyamazisha, nikaona ana hoja. Niliona aibu, Mwende, huo ndio ukweli. Niliwaza barua yetu ikisomwa ng'ambo ya mpaka, watu wakisema shule za kwetu Eastlands ya Nairobi hata kuchemsha maji haziwezi. Nikatangaza kwamba kipimajoto kimezeeka. Nikaikata tisini na tano yako kwa wino mwekundu, nikaandika mia moja, kisha nikakuamuru uandike mara hamsini kwamba maji huchemka kwa digrii mia moja. Uliandika zote. Chini kabisa ukaongeza mstari mmoja kwa herufi ndogo: "Lakini yetu yalichemka kwa tisini na tano." Niliuona, nikafunga daftari.

Barua ikaenda na mia moja yangu. Jibu lilipofika, wiki nyingi baadaye, nililifungua katika chumba cha walimu nikitarajia pongezi. Watoto wale waliandika kwamba maji yao yalichemka kwa tisini na mbili. Walikuwa wamerudia mara tano. Walibadilisha sufuria, wakabadilisha moto, wakagombana wenyewe kwa wenyewe, na walipoona mia moja yetu wakajua wao ndio wamekosea. Mwishoni palikuwa na ombi, kwa mwandiko wa mtoto: "Tafadhali tufundisheni mlivyofanya."

Chai ilinishinda kunywa. Uongo wangu ulikuwa umesafiri mpaka nchi ya watu, ukawafanya watoto ambao hawajawahi kuniona wasiyaamini macho yao. Na mtoto wa kwanza kufanyiwa hivyo alikuwa anaketi mbele yangu kila siku.

Saa kumi nikaja kwenu. Nilijiambia ninarudisha sufuria iliyobaki shuleni tangu siku ile ya jaribio. Mama yako alikuwa nje ya ploti mliyopanga akipika githeri, mahindi na maharagwe, ya kuuza, na nilipomuuliza habari za kazi akanishtakia maharagwe.

"Mwalimu, hii Nairobi yenu ina nini? Kwetu Kibwezi maharagwe kama haya ningekuwa nimeshaepua. Hapa moto ni ule ule, maji yanatokota, lakini yenyewe yamekataa kuiva!"

Wewe, uliyekuwa kando yake, ukanitazama. Nikabaki nimesimama na sufuria mkononi. Kibwezi iko chini, Nairobi iko juu, Addis iko juu zaidi. Kadiri unavyopanda, hewa inayoyakandamiza maji inapungua, nayo maji huchemka kabla hayajapata joto la kutosha kuivisha. Mambo hayo nilikuwa nimeyasoma chuoni, nikayajibu kwenye mtihani, nikayaacha huko huko. Mama yako alikuwa akipambana nayo kila siku bila kitabu.

Nikaandika Addis, nikakiri kwamba yetu ni tisini na tano na kwamba wao walisoma sahihi. Jibu lao lilikuja na picha ya mlima wenye sufuria mbili, ya kwao juu na ya kwetu chini kidogo. "Sasa tunajua mnakoishi," waliandika. Darasa zima lilishangilia.

Hapa ndipo ninapoona haya mpaka leo. Nilisimama mbele ya ubao nikawaeleza yote, nikaanza na neno "nimegundua". Jina lako sikulitaja. Nawe ulikuwa pale pale dawati la mbele, ukipiga makofi pamoja na wenzako. Nilipanga kukuita wiki iliyofuata. Ikaja mitihani, ikaja likizo, na shule ilipofunguliwa familia yenu ilikuwa imehamia Njiru.

Tangu hapo kila darasa la saba nililofundisha lilichemsha maji na kuwaandikia watoto wa mbali, Mombasa, Kampala, Addis. Niliwaambia kwanza waandike walichokiona bila haya, ndipo waulize wenzao wameona nini. Wengi walielewa kwamba mtu wa nchi nyingine akisema tofauti na wewe, pengine nyote wawili mnasema kweli, kila mmoja kutoka pale aliposimama. Nimewaona wakikua na kwenda mbali, na kila nikiwafikiria moyo wangu unachangamka.

Juzi walimu vijana waliniita niwaeleze jinsi nilivyokuwa nikifundisha. Nikasimulia, kama kawaida yangu, habari za "mwanafunzi mmoja". Mwalimu mmoja msichana akaniuliza, "Aliitwa nani, Mwalimu?" Nilikuwa nimeisimulia hadithi hiyo miaka na miaka bila kuulizwa swali hilo. Nikakutaja. Wakaandika jina lako kwenye madaftari yao, nami nikarudi nyumbani kutafuta karatasi.

Natumaini ulipo bado unatazama mara ya pili, na ukiulizwa unasema ulichokiona, hata kama aliye mbele yako amevaa tai. Kama niliwahi kukufanya uache tabia hiyo, nakuomba uirudie. Na wote wanaosoma barua hii wajue: aliyekuwa wa kwanza ni Mwende, kabla ya Addis na kabla yangu mimi. Nisamehe, mwanangu. Uliona sawasawa.

Mwalimu wako wa sayansi