Shikamoo, Mzee Kinyonga

Marangu, Jumapili jioni

Shangazi Rachel mpendwa,

Shikamoo. Huku mvua imenyesha vizuri, migomba imebeba, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike. Babu hajambo, ila siku hizi anaringa!

Unakumbuka wazee wenzake walivyomcheka kwa kuacha kahawa iote magugu ili aandike kitabu cha vinyonga wa kihambani, humu shambani kwetu? Wakamwita Mzee Kinyonga. Nanyi wanawe mkaona aibu, nakala nyingi zikaishia kufungia maandazi soko la Pasua.

Basi jana walikuja vijana wanaoongoza watalii mlimani, wamebeba hicho kitabu, kimechakaa kwa kusomwa. Mmoja akasema, "Shikamoo, Mzee Kinyonga!" Babu akainua fimbo.

"Jamani Babu!" kijana akaruka. "Sisi wote tunajiita Vinyonga, kwa heshima yako!"

Babu alicheka mpaka akakohoa, akaamuru wapewe mtori, na mimi ndiye niliyemenya ndizi.

Walipoondoka aliniuliza kama bado una hasira kwamba siku ya kipaimara chako alibaki kihambani kumtazama kinyonga anayezaa. Nikamjibu sijui, ila Krismasi nyingi zimepita hujaja. Akainuka, akaenda mwenyewe mpakani mwa shamba kukata jani la isale.

Ndilo hilo lililodondoka ulipofungua bahasha. Unajua Mchagga akiombwa msamaha kwa isale hakatai akishalipokea. Nawe, Shangazi, umeshaliokota.

Mwana wa kaka yako,
Eunike